Uvimbe nyuma ya chuchu ya mzee

Pole sana, dada wa Kondele. Unasema babako ana uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, hauumi, naye anakataa hospitali kwa kuwa saratani ya matiti "ni ya akina mama". Huenda si saratani, lakini mpeleke wiki hii. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani hiyo, 1 hivi ni mwanaume, na wengi wao huchelewa kwa aibu hiyo hiyo. Titi la mwanaume lina nyama kidogo, kwa hivyo uvimbe haukawii kufika kwenye ngozi. Mwangalie: chuchu imeingia ndani? Inatoa damu? Kwapani kuna tezi?

Pale Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi hapo Kisumu, ombeni kipande kitolewe kwa sindano kipimwe maabara. Msikubali kurudishwa nyumbani na antibayotiki tu.

Ikithibitika, kwa wanaume saratani hii mara nyingi sana hulishwa na estrojeni, homoni ambayo hata wao wanayo. Ndiyo maana baada ya upasuaji hupewa tamoksifeni, kidonge kile kile cha akina mama, kwa miaka 5 hivi. Hapo ndipo pagumu: huleta joto la ghafla na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, na mzee anaweza kuiacha kimya kimya. Aelezwe mapema, mama akiwepo. Akiwa anaimeza, mguu mmoja ukivimba na kuuma, rudini siku hiyo hiyo. Damu huenda imeganda.

Nawe uliza kuhusu kipimo cha BRCA2, jeni ambayo ikiwa na kasoro huongeza hatari ya saratani hii. Kasoro hiyo hurithiwa na watoto wa kike na wa kiume.