Vigari vya sloti: mshindi hupatikanaje kwenye njia 4?

Ndugu, umeuliza kama huko Kampala, kwenye mbio zenu za vigari vya sloti (vigari vidogo vya umeme vinavyofuata mifereji kwenye barabara ya mchezo), kila dereva abaki kwenye njia yake moja. Hapana, msimwache kila mtu kwenye njia yake hadi mwisho. Njia ya ndani ni fupi lakini kona zake ni kali, ya nje ina kona pana ila ni ndefu; haziko sawa hata kidogo. Kila dereva aendeshe njia zote 4 kwa muda ule ule, dakika 3 kila moja, kisha jumlisheni mizunguko. Hameni njia kwa mpangilio wa 1-3-4-2 (kutoka njia ya 1 kwenda ya 3, kisha ya 4, kisha ya 2, halafu kurudi ya 1), ndiyo desturi ya klabu nyingi.

Muda ukiisha, umeme wa njia unakatwa na gari linabaki pale pale liliposimama. Kutoka hapo linahamishiwa njia inayofuata, usawa ule ule. Gaweni njia kwa alama 10 pembeni ili mhesabu na sehemu ya mzunguko wa mwisho, ndipo mwenye mizunguko 41.7 amshinde mwenye 41.3 bila ugomvi. Stika ya rangi ya njia iwekwe juu ya gari, maana gari likichomoka kwenye kona msimamizi hukosea kulirudisha, na hapo mizunguko inahesabiwa kwa mtu mwingine.

Kwa Kampala andikeni pia kanuni ya umeme kukatika: saa isimamishwe mara moja, mtu asiguse gari. Kompyuta ya kuhesabu ikiwa na betri, saa yake itaendelea kukimbia magari yakiwa yamelala.

Kwenye msururu wa mbio 6, kila mtu afutiwe matokeo ya mbio 1 aliyofanya vibaya zaidi, la sivyo aliyekosa Jumamosi moja atakata tamaa mapema.