Usizime waifai, zima kujiunga: simu inayorukia hotspoti za kampuni ya laini

Bando lipo, vistari vya mnara vimejaa, lakini picha uliyotuma WhatsApp imeganda na kile kialama cha saa. Kabla hujawapigia huduma kwa wateja kuwafokea, tazama juu ya kioo. Ukikuta alama ya waifai na hukumbuki kujiunga na waifai yoyote, bando halina kosa. Simu imejiunga yenyewe na hotspoti ya kampuni ya laini yako, yaani waifai ambayo kampuni imeiweka sehemu za watu, na hotspoti hiyo muda huo haina intaneti ya maana.

Mimi nauza dagaa kwa oda za simu. Asubuhi nipo Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, napiga picha mzigo, nawatumia wateja wa Dodoma, Tabora na wale wanaovusha kwenda Kongo, nasubiri mtu aseme "funga gunia." Dagaa anauzwa kwa macho. Aliyekauka vizuri anang'aa. Aliyenyeshewa wakati ameanikwa anaingia unjano, na mteja mzoefu anaujua unjano huo hata kwenye picha mbovu. Picha ikichelewa dakika chache tu, mwenzangu wa meza ya pili ameshatuma yake na mzigo umeondoka. Sasa simu ikijiamulia yenyewe njia ya kupitishia picha zangu, inanikosesha hela.

Mambo yanakwenda hivi. Laini ikiingia kwenye simu, simu inachukua mipangilio ya kampuni husika: jinsi ya kupata data, jinsi ya kutuma ujumbe, na kwa baadhi ya kampuni, majina ya waifai zao. Hukuyaandika wewe wala hukuweka nywila, lakini simu inayachukulia kama waifai unayoifahamu. Ikipita karibu, inaingia. Kampuni zinapenda iwe hivyo kwa sababu kila anayehamia waifai anaupunguzia mnara mzigo, na kwenye sehemu yenye watu wengi mnara unazidiwa kweli. Siwalaumu kwa hilo. Ninachokataa ni kuhamishwa bila kuulizwa.

Marekani walikutana na jambo hili mapema. AT&T, kampuni ya simu iliyokuwa ikiuza iPhone, ilikuwa na hotspoti kwenye mikahawa zenye jina attwifi, na simu za wateja wake zikawa zinaingia zenyewe. Mwaka 2010 mtafiti wa usalama Samy Kamkar akaonyesha kwamba simu hizo zilikuwa zinaangalia jina tu. Maana yake mtu yeyote angeweza kuipa ruta yake jina hilo, akakaa pembeni, na simu za watu zikamfuata. Baadaye ikaja njia bora iitwayo Passpoint, ambayo Wi-Fi Alliance, umoja wa kampuni za waifai, ilianza kuithibitisha 2012: hapo simu na hotspoti zinatambulishana kwa kutumia taarifa za laini au akaunti yako, na mawasiliano kati yao yanasimbwa, yaani yanafichwa mwingine asiyasome. Usalama umepanda. Ila tatizo la picha zangu za dagaa Passpoint haikulitatua, maana kumtambua mteja ni kitu kimoja na kumpa intaneti inayopita ni kingine.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa hiyo nitapaeleza taratibu. Simu ikishaingia kwenye waifai, inajaribu kufungua ukurasa mmoja mdogo sana wa Apple au Google. Ukifunguka, simu inaamini intaneti ipo na inahamishia kila kitu huko, data inakaa pembeni. Sasa kuna hotspoti zinazouruhusu ukurasa huo upite kisha zinaziba mengine yote mpaka uweke namba ya simu au ununue kifurushi. Nyingine hazizibi kitu, lakini watu wamejazana hadi hakuna kinachopita. Kwa simu, zote hizo ni waifai nzima. Wewe unaona alama imejaa na bado hakuna kinachoenda.

Ukitaka kuliona kwa macho, panda kivuko cha Kamanga. Juu ya maji hakuna ukuta wala jabali la kuzuia mawimbi, kwa hiyo hotspoti iliyoko ufukweni simu inaendelea kuisikia mkiwa mmeshaiacha gati nyuma. Lakini hotspoti yenyewe haiisikii simu vizuri, kwa kuwa antena ya simu ina nguvu ndogo kuliko ya kwenye mlingoti. Unabaki na kijistari kimoja cha waifai, simu imekigandia, na hakuna ujumbe unaotoka wala kuingia. Kwenye majabali ya Capri Point ni kinyume chake. Ukizunguka jabali moja, waifai inakatika papo hapo na simu inarudi kwenye data bila kukusumbua. Waifai iliyokufa kabisa haina taabu. Inayosumbua ni hii iliyo nusu mfu.

Watu wengi wakigundua hivyo wanavuta ile pazia ya juu na kugusa alama ya waifai. Kwenye iPhone hiyo haizimi waifai. Tangu toleo la 11 la iOS, mfumo wa iPhone, kitufe kile kinakutoa tu kwenye waifai uliyopo na kusimamisha kujiunga kwa muda. Kujiunga kunarudi ukihama eneo, au ikifika saa 11 alfajiri. Ndiyo, Apple wenyewe ndio waliochagua saa hiyo. Sijui kama kuna mtu kule aliyewahi kufika mwalo wowote wa Ziwa Victoria, maana saa 11 alfajiri ndiyo mitumbwi ya dagaa inarudi na biashara inachangamka.

Dawa iko kwenye Settings. Fungua Wi-Fi ukiwa eneo lenye hotspoti hiyo, gusa kile kiduara chenye herufi i mbele ya jina lake, kisha zima "Auto-Join". Basi. Waifai ya nyumbani itaendelea kujiunga kama kawaida, na hii ya kampuni itabaki kwenye orodha bila kukugusa. Kama hupo karibu nayo, kwenye matoleo ya kuanzia iOS 16 gusa "Edit" juu ya ukurasa huohuo wa Wi-Fi. Simu itataka uso wako au namba ya siri, kisha itakuonyesha waifai zote inazozifahamu, na zile zilizoletwa na kampuni ya laini zimewekwa kundi lake. Usihangaike kutafuta pa kuzifuta. Hizo zimekuja na laini, si wewe uliyeziweka, na kuzima kujiunga ndiyo nguvu uliyonayo juu yake. Inatosha.

Ukiwa hapohapo unaweza kukuta chini ya jina la waifai ya kampuni maneno "Privacy Warning". Usiyapuuze. Apple wanakuambia kwamba waifai hiyo inaweza kuuacha wazi utambulisho wa laini yako, hivyo mtu akiweka hotspoti ya bandia inayoiga ya kampuni, anaweza kuunasa. Hatakwapua hela yako kwa hilo peke yake, lakini anaweza kujua kwamba laini fulani imepita hapa na saa fulani. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuzima hata kama waifai ina kasi.

Android ina njia nyingi kuliko ninavyoweza kuzimaliza, kwa kuwa kila mtengenezaji anapanga menyu zake. Mama yangu mdogo anayekaanga samaki aliniletea simu yake akisema, "Mwanangu, hii simu inakula bando." Nikamwambia, "Mama mdogo, bando lako halijaguswa, simu yako inahamahama tu." Kwenye simu kama yake unaingia kwenye mipangilio ya waifai, unafungua mitandao iliyohifadhiwa, unagusa jina la hotspoti na kuzima kujiunga kiotomatiki. Simu ikiwa kwa Kiingereza utakuta "Auto-connect", au "Auto reconnect" kwenye Samsung. Samsung ina na kitu kingine kwenye mipangilio ya ziada ya waifai kinachoitwa "Hotspot 2.0". Hiyo ndiyo Passpoint kwa jina lingine. Kizime. Halafu zima na ile inayowasha waifai yenyewe ukikaribia sehemu inayoijua, vinginevyo utakuwa unazima asubuhi inawaka mchana.

Kwa mama mdogo vyote hivyo havikutosha. Kilichokuwa kinamrudisha ni programu ya kampuni ya simu, ile ya kununulia vifurushi na kuangalia salio. Kuanzia Android 10, programu inaweza kuipendekezea simu waifai za kujiunga, na simu inakuuliza mara ya kwanza tu. Ukibonyeza kukubali huku unageuza samaki, umekubali. Kuifunga njia hiyo, ingia kwenye mipangilio ya simu, nenda sehemu ya programu, kisha ruhusa maalumu, tafuta "Wi-Fi control" na uinyime ruhusa programu usiyoitaka. Kuna na jambo linalowachanganya watu: ukijitoa mwenyewe kwenye waifai iliyopendekezwa hivyo, Android inaiacha kwa saa 24. Mtu anadhani amepona, kesho yake inarudi, anasema simu ina jini.

Kuhusu pesa niseme kidogo, kwa sababu hapo ndipo hasira zinapopanda. Muamala ukikwama kwenye programu ya simu na kiduara kinazunguka, usibonyeze kutuma tena. Toka, piga menyu ya *150 ya mtandao wako na uangalie salio kwanza. Menyu hiyo inapita kwenye mnara moja kwa moja, haihitaji bando wala waifai, kwa hiyo itakujibu hata simu ikiwa imenasa kwenye hotspoti iliyokufa. Mpaka leo nikiwa Mwaloni nawalipa wabeba mizigo kwa menyu, programu naitumia nikirudi nyumbani.

Sisemi kila mtu azime. Mwanafunzi aliyeishiwa bando na amekaa palepale siku nzima, hotspoti ya kampuni yenye kasi nzuri ni neema kwake. Aiache. Anayetembea na kufanya kazi kwa simu ndiye ninayemsihi, dereva wa bodaboda anayepokea oda, mama wa chakula, dalali, yeyote ambaye ujumbe uliochelewa ni mteja aliyepotea.

Kwenye iPhone kuna "Wi-Fi Assist", iko chini kabisa kwenye ukurasa wa data. Ikiwa imewashwa, waifai ikidhoofika simu inajazia kwa data. Inasaidia kwenye kivuko, lakini inakula bando bila kukuambia, kwa hiyo kama kifurushi chako ni cha kubana, izime na utegemee kuzima "Auto-Join" peke yake.

Ukibadilisha laini, au ukiweka laini ya pili, rudi kwenye orodha na ukague upya, maana laini mpya inaweza kuja na majina yake. Na kama umenunua simu iliyotumika, zile zinazotoka Dubai au Marekani, weka laini yako kwanza, kisha fanya "Reset Network Settings". Itafuta nywila zote za waifai, kwa hiyo ya nyumbani iandike mahali kabla ya kubonyeza.