Usaili wa chuo cha muziki: mzazi, usimuulize chochote akitoka mlangoni

Ile noti ilipasuka na mimi niliisikia. Nilikuwa nimesimama kwenye korido, karibu kabisa na mlango ambao mzazi hata hakutakiwa kuusogelea, kijana wangu yuko ndani na tarumbeta yake mbele ya walimu watatu, na ile noti ya juu ambayo nyumbani ilikuwa inatoka safi kila siku ikatoka na mkwaruzo. Baada ya dakika kama kumi akatoka. Akaniangalia usoni, akajua nimesikia, na mi bila kufikiri nikamuuliza, "Baba, ile noti ya juu imekuwaje tena?" Hakunijibu. Kesho yake asubuhi tulikuwa na usaili mwingine kwenye chuo kingine na akaenda huku ile noti iko kichwani, kwenye chumba cha kupasha midomo kabla ya kuitwa akawa anairudia tu hiyo hiyo, anairudia, mpaka midomo ikachoka kabla hajaitwa.

Naanza na hili kwa sababu katika mwaka mzima na zaidi wa kumsindikiza mtoto kwenye hizi odisheni hakuna kitu kilichotuumiza kama hilo swali langu moja. Siku kadhaa baadaye aliniambia mwenyewe, "Mama, ukiniuliza pale pale nakuwa bado niko ndani." Tukakubaliana kuanzia siku ile kwamba akitoka anayeanza kuongea ni yeye, mimi kazi yangu ni maji, koti na chakula, basi. Saa ingine alinyamaza nusu ya safari ya kurudi. Saa ingine alikaa tu kwenye gari akamwaga kila kitu, walichomuuliza, walipomsimamisha, mwalimu gani alitabasamu. Nikajifunza pia kusubiri mbali na mlango, maana uso wangu unasema hata nikinyamaza.

Na kuhusu kusimamishwa, mwambie mtoto wako mapema kabisa. Majaji wana watoto wengi wa kuwasikiliza siku moja na kila mmoja ana dakika chache, kwa hiyo wanaweza kumwambia "asante, tusikie kipande kingine" akiwa katikati ya wimbo. Haina maana kwamba amepiga vibaya. Mara nyingi wameshasikia walichotaka kusikia. Mtoto asiyejua hili anaporomoka pale pale na kile kipande cha pili ndio anakiharibu kweli. Sisi tulifanya mazoezi ya hilo nyumbani, mwalimu wake alikuwa anamkata ghafla, anamwambia sasa nipigie skeli (zile noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio), sasa soma hizi noti ambazo hujawahi kuziona, sasa niambie kwa nini unataka chuo hiki. Hilo swali la mwisho watoto wengi hawajiandai nalo kabisa wakati ni mazungumzo ya kawaida tu.

Sasa kalenda, hapa ndio mzazi anaweza kusaidia kikweli. Kwa Marekani vyuo vingi vya muziki fomu zao zinafungwa karibu na tarehe 1 Desemba, usaili wa ana kwa ana unakuwa kati ya Januari na Machi, majibu mengi yanafika mpaka mwanzoni mwa Aprili na kawaida unatakiwa uwe umeamua ifikapo tarehe 1 Mei. Uingereza konsevatori, yaani vyuo maalumu vya muziki, wanawahi zaidi, maombi yanafungwa mwanzoni mwa Oktoba na usaili mwingi unafanyika Novemba na Desemba. Kwa hiyo mtoto anayefikiria nchi zote mbili anatakiwa awe na nyimbo zake tayari kabla hata mwaka wa mwisho wa shule haujaanza vizuri. Mi nilichora jedwali kubwa nikabandika ukutani, kila chuo na tarehe zake, nyimbo wanazotaka, ada ya maombi (na vingine vina ada ya usaili pembeni, uliza mapema maana zinajumlika haraka). Kitu kimoja kilichonishangaza ni kwamba vyuo vikuu vingi vina milango miwili, unaomba chuo kikuu na unaomba idara ya muziki, na mtoto anaweza kufaulu usaili halafu chuo kikuu kikamkataa kwa sababu ya alama za darasani, au akakubaliwa chuo kikuu na idara ya muziki ikasema hapana. Kwa hiyo hisabati nayo isiachwe eti kwa sababu anapiga tarumbeta.

Vyuo vingi vyenye ushindani vinataka kwanza video kabla ya kukuita, na hii video ndio ilitutesa kuliko hata usaili wenyewe. Sheria za kawaida ni kwamba kila wimbo urekodiwe mfululizo bila kukatwa wala kuunganishwa, mtoto aonekane uso na mikono. Sisi tulianza wiki ya mwisho. Usifanye hivo. Mtoto anapiga mara ya kwanza vizuri, anasema ngoja nirudie kidogo itakuwa bora, mara ya tano, ya kumi na tano, na kwa mpiga tarumbeta midomo ni msuli, ukichoka umechoka, kila marudio yanakuwa mabaya kuliko yaliyotangulia na tukaishia kutuma ile ya tatu. Tungejua tungeweka siku tatu tofauti, kila siku marudio manne matano, halafu kesho yake ndio anasikiliza na mwalimu na kuchagua. Jambo lingine, simu nyingi zinajirekebisha sauti zenyewe, pale mtoto anapopiga taratibu sana simu inaivuta juu na anapopiga kwa nguvu inaibana, yaani kazi yote ya kupandisha na kushusha sauti inapotea. Azima kinasa sauti kinachokuruhusu kupanga kiwango kwa mkono, na tafuta chumba kikubwa kidogo, sio chumba cha kulala chenye mapazia mazito.

Mpiga piano wa kumsindikiza tafuta mapema mno. Vyuo vingine vinatoa wa kwao, mnakutana dakika chache tu kabla ya kuingia, vingine unakuja na wako, vingine hawataki piano kabisa. Kama ni wa chuo, mtoto ajue kuhesabu na kuonyesha kasi anayotaka bila kuona haya, hilo nalo linafanyiwa mazoezi.

Siku zenyewe za usaili nilibeba mafuta ya kulainisha vali za tarumbeta (zile anazobonyeza kwa vidole), nakala za ziada za noti, orodha ya nyimbo zake iliyochapwa, na maji mengi, kwa sababu hewa ya ndege na ya vyumba vyenye hita inakausha midomo vibaya sana. Siku moja kabla hapigi kwa nguvu, anapasha tu taratibu na kuweka chini. Mi mwanzoni nilikuwa namwambia "hujafanya mazoezi leo," kumbe kupumzika ndio mazoezi yenyewe. Mambo ya muziki nilimwachia mwalimu wake, sikusema tena neno kuhusu kasi au noti.

Sasa niseme kuhusu mwalimu wa chuo maana hapa ndio nina msimamo mkali. Mtoto atakaa na huyu mtu wao wawili kila wiki kwa miaka yote ya digrii, kwa hiyo jina la chuo lije baadaye. Kabla ya usaili walimu wengi wanakubali kumpa mtoto somo moja la majaribio ukiwaandikia kwa heshima, na aandike mtoto, sio wewe. Wangu alipata masomo manne hivi. Kwa mwalimu mmoja mwenye sifa kubwa sana alitoka amenywea, mabega chini, hataki hata kuongea. Kwa mwingine ambaye mi sikuwahi kumsikia alitoka anataka kufungua mkoba apige tena pale pale kwenye maegesho. Tulifuta yule wa kwanza kwenye jedwali siku ile ile, na ndugu wengine walishangaa sana. Mi sijutii hata kidogo.

Kuna kitu ningependa kila mzazi akijue kabla majibu hayajaja. Orkestra ya chuo inahitaji tarumbeta chache tu. Mwalimu akiwa na wanafunzi wawili wanaomaliza mwaka huo, basi nafasi ni mbili, labda tatu, na kama hakuna anayemaliza inawezekana asichukue mtu au achukue mmoja. Mtoto mzuri kabisa anaweza kukataliwa mwaka huu mahali ambapo mwaka jana angeingia. Nilimweleza wangu mwezi wa Januari, wakati bado ametulia, sio siku ya barua, kwa sababu siku ya barua ingesikika kama ni maneno ya kumbembeleza. Chuo alichokuwa anakipenda zaidi kilimkataa. Alilia, nikakaa naye chini sakafuni, sikumwambia "Mungu ana mpango" wala "watajuta," nilikaa tu. Baadaye akauliza mwenyewe wamemaliza wangapi pale mwaka huu, akaingia kwenye tovuti kuangalia.

Alipata vyuo viwili na kingine kikamweka kwenye orodha ya kusubiri. Kati ya hivyo viwili, kile chenye yule mwalimu wa maegesho kilikuwa na ufadhili mdogo, basi akawaandikia kwa adabu kwamba anataka sana kuja ila ana ofa nyingine kubwa zaidi, wanaweza kuangalia tena? Wakaongeza, sio sana, lakini ikatosha tukapiga hesabu. Hili ombi ni la kawaida, usiogope, ila lije mara moja na liwe la kweli.

Alikubali siku chache kabla ya tarehe ya mwisho. Jioni ile ile nikamwambia aandikie pia wale wengine, kile kilichomkubali na kile cha orodha ya kusubiri, awaambie haji. Akaandika mistari mitatu mitatu. Kuna mtoto mwingine mahali fulani ana tarumbeta yake anasubiri hiyo nafasi, na hawezi kuitwa mpaka wangu aseme hapana.