Mama mkwe anampa mwanangu maji kwa siri

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana wiki saba. Jioni analia mfululizo. Nikimpa ziwa anashika, anaachia, analia tena. Mama mkwe anasema maziwa yangu ni mepesi, hayashibishi. Juzi nimetoka kuoga nikamkuta anamnywesha maji kwa chupa, mume wangu amekaa palepale kimya. Nilipouliza nikajibiwa, mbona sisi tulilelewa hivyo na tukakua? Sasa matiti yangu hayajai kama zamani, naanza kuamini kweli sina maziwa. Nifanyeje nisivunje nyumba?*
*Mama wa Wiki Saba*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale uliposema unaanza kuamini huna maziwa ndipo nilipotamani ningekuwa karibu nikushike mkono. Tuanzie hapo.

Wiki ya sita hadi ya nane ndiyo kilele cha kulia kwa watoto wachanga, hata wale wa maziwa ya kopo, na wakati wao mkubwa ni jioni. Wengi jioni hutaka ziwa kila baada ya muda mfupi, kushika na kuachia, hivyohivyo unavyoeleza. Kilio hicho peke yake hakithibitishi njaa. Matiti kulegea nako ni kawaida: mwanzoni hujaa mpaka yanauma, halafu mwili hupata kipimo cha mtoto na ule uvimbe hupungua.

Ukitaka ushahidi, uko kwenye nepi. Mtoto wa umri huo anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo wake hauna rangi kali. Akiwa ziwani mtazame kidevu: kinashuka, kinatulia kidogo, kisha unamsikia anameza. Halafu kuna mizani. Mpeleke kliniki akapimwe wiki hii hii, na mama mkwe mwende naye, asikie mwenyewe.

Kuhusu maji nakuomba usilegeze kabisa. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88, kwa hiyo hata kukiwa na joto kali kiu yake inaishia hapo hapo kwenye ziwa. Tumbo lake ni dogo. Likishajazwa maji, ziwa atalishika kivivu. Na ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Maziwa yakibaki ndani, mwili unaona hayahitajiki, unapunguza. Ndivyo mwanamke mwenye maziwa tele anavyoishia kukosa. Maneno ya mama mkwe yanaweza kutimia kweli, ila yatakuwa yametimizwa na ile chupa.

Chupa nayo ina chuchu ya mpira na vikona ambavyo ni vigumu kusafisha, vijidudu vinajificha humo. Mtoto wa wiki saba akiharisha, hukaukiwa maji mwilini haraka mno. Tena figo zake bado changa. Maji mengi hushusha chumvi kwenye damu, na anaweza kupata degedege.

Sasa mama mkwe. Mimi simwoni kama adui, namwona bibi asiyevumilia kusikia mjukuu wake analia. Ushauri wenyewe umebadilika: hata Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitaja miezi minne hadi sita ya maziwa ya mama pekee, na ni mwaka 2001 ndipo lilipotamka miezi sita kamili. Mwambie hivyo, atapata pa kutokea bila aibu. Lile la "mbona tulikua" usibishane nalo, maana waliokua ndio waliobaki kusimulia. Mpe kazi badala yake. Mtoto akitoka kunyonya bado analia, amlaze wima begani, amsugue mgongo acheue, atembee naye chumbani.

Niliyemkasirikia ni mume wako. Mkiwa wawili mwambie, "Sikuombi ugombane na mama, nakuomba useme mbele yake kwamba tumekubaliana." Maneno hayo yakitoka kwako ni ukaidi wa mkwe, yakitoka kwake ni uamuzi wa nyumba.

Wewe siku hizi chache mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, umnyonyeshe kila akitaka. Usiku usiuruke, kwa sababu homoni ya prolaktini inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Kama nepi ni chache au uzito haupandi, mwonyeshe muuguzi jinsi anavyoshika ziwa. Mara nyingi ameshika ncha ya chuchu tu, ule weusi unaoizunguka umebaki nje. Ikibainika anahitaji kuongezewa, utaelekezwa umpe nini na kwa kipimo gani, na hutakuwa umepungukiwa umama hata chembe. Lakini akipata homa, akalegea, akakataa kunyonya au utosi ukabonyea, usingoje kukuche.

Na mama mkwe mwahidi jambo moja: mtoto akifika miezi sita, akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua, maziwa peke yake hayatoshi tena, anaanza chakula. Kijiko cha kwanza siku hiyo ni cha bibi. Aanze kuihesabu sasa.