Kabla hujaongoza mahujaji Vézelay, panda kilima kwanza peke yako

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia: "Kaka, natamani kuongoza wageni huko Ufaransa kama wewe. Nianzie wapi?" Amenikuta nimetoka Vézelay, kijiji cha hija huko Ufaransa, siku tatu tu zilizopita, na mahujaji 14 walioniaga kwa vigelegele pale kwenye maegesho ya basi. Kichwa kilikuwa bado kimenivimba. Nikaanza kumjibu kwa madaha, mara nikaikumbuka safari yangu ya kwanza ya pale, nikafuta yote.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi Dijon, mji wa jimbo la Burgundy huko Ufaransa. Kundi la parokia moja ya Dar lilikuwa linapita Burgundy, padre akatafuta kijana anayejua Kifaransa. Nikasema Vézelay naijua vizuri. Uongo. Nilikuwa nimeiona kwenye simu: kijiji cha mawe kimekaa juu ya mgongo wa kilima, kanisa kubwa limesimama kileleni, mizabibu chini. Nikahesabu, kijiji cha watu mia chache, kitanishinda nini?

Kilinishinda hapo hapo chini. Mabasi makubwa hayapandi. Unashushwa kwenye uwanja wa Champ-de-Foire, kisha ni mtaa mmoja mwembamba unaopanda bila huruma mpaka mlangoni mwa basilika. Mimi nilikuwa nimewaambia ni "matembezi kidogo", na akina mama wamevaa viatu vya misa. Katikati ya njia mama mmoja mwenye shida ya magoti akaketi kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, akaniangalia tu. Hakusema kitu. Afadhali angenisema.

Tulipofika ndani ya basilika ya Maria Magdalena nikaamua kujikomboa kwa historia. Nikanyanyua mkono kuelekea madhabahuni: "Hapa ndipo mtawa Bernard wa Clairvaux alipohubiri Vita vya Pili vya Msalaba, Pasaka ya mwaka 1146, mbele ya Mfalme Louis wa Saba!" Sauti ikarudi vizuri kwenye yale matao ya mawe ya rangi mbili. Nikajipenda.

"Mwanangu," ikasema sauti nyuma yangu, "si alihubiri nje?"

Alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Kweli, watu walikuwa wengi mno, Bernard akasimama nje, kwenye mteremko wa upande wa kaskazini, na baadaye kikajengwa pale kikanisa kiitwacho La Cordelle. Husimuliwa kwamba vitambaa vya misalaba alivyowagawia walioapa kwenda vitani vilimwishia, akachana joho lake mwenyewe. Mwalimu alizijua habari hizo akiwa hajawahi kukanyaga Ufaransa. Akazisema kwa upole kabisa, na upole ule ndio unaoniuma mpaka leo. Kuanzia hapo maswali yote wakamwelekeza yeye.

Sasa basi ndugu yangu wa Arusha, ushauri wangu: nenda kwanza peke yako, kwa miguu. Treni ya kutoka Paris itakushusha Sermizelles, kituo kidogo kilichoko kama kilomita 10 kutoka kijijini. Mimi mara ya pili nilizitembea zote, na ndipo nilipoelewa kwa nini watawa walihamia juu. Abasia yao ya karne ya 9 ilianzia bondeni, karibu na mto Cure, ikaharibiwa na wavamizi. Ukilitazama bonde lile kutoka kwenye uwanja ulio nyuma ya basilika, huhitaji mtu akueleze.

Miguu itakufundisha na habari ya pesa. Mtaa ule mrefu ulishiba kwa sababu ya mahujaji. Watawa walisema wana masalia ya Maria Magdalena, na hapa ni mwanzo wa mojawapo ya njia kuu za mahujaji za kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Halafu mwaka 1279 watu wa Provence, kusini mwa Ufaransa, wakatangaza kwamba mwili wa mtakatifu wameupata wao, kule Saint-Maximin. Mahujaji wakapungua. Kufikia karne ya 19 kanisa lilikuwa karibu kuanguka, na mwaka 1840 kazi ya kuliokoa akapewa msanifu majengo kijana wa miaka 26, Viollet-le-Duc. Miaka 26! Na wewe unaniambia bado unajipanga.

Usikose kuwasimamisha watu chini ya nakshi ya juu ya mlango mkuu wa ndani. Kristo anawatuma mitume kwa mataifa yote, na mataifa yenyewe jinsi wachongaji wa karne ya 12 walivyoyawaza: watu wenye vichwa vya mbwa, wenye masikio makubwa kama ungo, na mfupi anayepanda farasi kwa ngazi. Kundi langu la juzi lilicheka mpaka mlinzi akageuka. Mama mmoja akauliza, "Na sisi ndio wapi hapo?"

Nasema tena, acheni uvivu wa kusoma kwenye simu na kujiita viongozi. Panda kilima. Hesabu mahali pa kupumzikia. Shuka mpaka La Cordelle, uone kwa macho yako. Kisha panda tena.

Padre yule amerudi Ufaransa mara mbili tangu siku ile. Mara zote mbili ametafuta kijana mwingine.