Masaa matatu Mji Mkongwe? Bora ubaki kwenu

Juzi msomaji kaniandikia: "Dada, nikishuka na boti ya asubuhi, masaa matatu yanatosha kuzunguka Mji Mkongwe wa Zanzibar?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kuliuliza mimi.

Mwaka 2016 nilitoka Morogoro na orodha yangu: Ngome Kongwe, jumba la Beit al-Ajaib, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Sijatoka vizuri bandarini, papasi, wale wanaojipachika kuongoza wageni, kashanidaka. Elfu hamsini, mwendo wa mchakamchaka, na kila kona duka la "shemeji yake". Hela ile inaniuma mpaka leo.

Nikamtoroka mtaani Hurumzi. Hapo nikakutana na mlango: misumari ya shaba mikubwa kama ndimu, mnyororo umechongwa ukingoni. Nikapiga picha, nikasogea, nikapiga tena. Kumbe barazani ameketi bibi, wala sijamwona.

"Mwanangu, nyumba ya watu waipiga picha, hata hodi hupigi?"

Shikamoo ilinitoka kwa kuchelewa. Bibi akaitikia, akasogea, nikakaa. Akanionyesha: mlango wenye upinde juu ni wa Kihindi, ule wa jirani ulionyooka juu ni wa Kiarabu. Na baraza nazo si za kupigia soga tu. Masika njia zikijaa maji, watu hupita juu yake. Nilikaa pale hadi boti ya jioni nusura initoke. Orodha ikafia mkobani.

Kwa hiyo nisikilize mimi niliyeumia. Lala walau usiku mmoja. Funika mabega na magoti, humo wanaishi watu, si makumbusho. Ukipotea vichochoroni usihangaike na simu: kaza mwendo upande mmoja, utatokea ama baharini ama Darajani. Kunywa kahawa kijiweni Jaws Corner, wazee wakicheza bao. Na salimia. Salimia kabla ya picha, kabla ya kuuliza njia, kabla ya bei. Najua nimerudia.

Beit al-Ajaib je? Siku ile nililitazama dakika mbili, papasi ananivuta mkono. Nikajisemea nitarudi. Desemba 2020 sehemu ya jumba lile ikaporomoka, pamoja na mnara wake wa saa. Picha pekee niliyonayo ina nusu ya mnara na kisogo cha papasi.