Mnaoulizia zile nyumba za shamba za Kiingereza: ndiyo, ni miti na udongo

Ndugu zangu, mmeuliza nyumba zile za Kent na Suffolk huko Uingereza, zenye miti myeusi kwenye kuta nyeupe, zimejengwa kwa vitu gani hata zikavuka miaka 500, na kwa nini mwenye pesa akiinunua haibomoi ajenge ya kisasa.

Ni nyumba ya miti na udongo. Mti ni mwaloni (kwa Kiingereza oak), huchongwa ungali mbichi kwa sababu ukishakauka unakuwa mgumu mno. Viungo havina msumari: ulimi, yaani ncha ya mti iliyochongwa nyembamba, unaingia kwenye tundu, kisha kinapigwa kigingi cha mwaloni. Ustadi wenyewe uko hapa. Tobo la kigingi kwenye ulimi husogezwa milimita chache lisilingane na lile la boriti, ili kigingi kikipita kivute mbao zibanane. Miti ikikauka inasinyaa na kupinda, ndiyo maana sakafu zina mteremko. Hilo lisiwatishe.

Kati ya nguzo husimamishwa vijiti, vikasukwa kwa fito, kisha hukandikwa udongo uliochanganywa na nyasi kavu na mavi ya ng'ombe. Juu yake hupakwa chokaa. Aliyewahi kukandika nyumba Handeni au Kilifi ataitambua kazi hii papo hapo. Weusi wa miti, kwa sehemu kubwa, ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ukiachwa hugeuka kijivu.

Kinachoziua ni saruji. Miti hutanuka na kusinyaa kwa majira, lakini lipu ya saruji haifuati, basi inapata nyufa nyembamba. Mvua inapenya humo na haina pa kutokea, wakati chokaa ingeuacha unyevu utoke. Boriti ya chini kabisa, iliyolalia msingi, ndiyo huoza kwanza, hasa pale udongo wa bustani ulipolundikwa hadi kuigusa. Mwaloni wenye unyevu hushikwa na kuvu, kisha wadudu huubungua. Chomeni boriti hiyo kwa bisibisi: ikizama kirahisi, imekwisha. Dawa yake ni kubandua saruji, kushusha udongo wa nje, kukata palipooza na kuunga mwaloni mpya, halafu kurudishia chokaa. Chokaa nayo haipigwi wakati wa baridi kali, maana barafu huivunja kabla haijashika.

Kubomoa? Karibu zote zimeorodheshwa kisheria, yaani zimo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Kwa sheria ya mwaka 1990, kubomoa au kubadilisha sura ya nyumba hiyo bila kibali ni jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 2. Hata kubadili madirisha yawe ya vioo viwili vya kuzuia baridi kwa kawaida huombewa kibali, kwa hiyo baridi ya humo ndani na gharama ya kuipasha joto si mchezo. Halafu kosa la mmiliki wa zamani linakufuata: halmashauri inaweza kukuamuru wewe uliyenunua urudishe kila kitu kilivyokuwa, hata miaka mingi ikiwa imepita. Kabla ya kulipa, dai karatasi ya kibali kwa kila badiliko unaloliona, na umlipe mkaguzi anayezijua nyumba za fremu za mbao, si mkaguzi yeyote tu.